Ndengu ya Tano

Katika miaka ya themanini, mtu akifika Ikutha siku ya soko na kuuliza ni nani anayejua ndengu, hakuelekezwa kwa bwana shamba. Alielekezwa kwa Mumbua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa duka la mazao, uteo mapajani, na mkononi bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia. Alichoma gunia pembeni, akachoma katikati, kisha akachoma chini kabisa, maana hakuna muuzaji aliyezaliwa na mwanamke anayeweka ndengu mbaya juu. Alizimwaga punje kwenye uteo, akazitikisa mara mbili, akazipapasa kwa kidole gumba, halafu akatangaza kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Ya mbegu!" Hiyo ilikuwa ya kwanza, ya kufichwa kwenye majivu mpaka mvua ya Novemba. "Ya soko!" Hiyo ilikuwa ya pili. Ya tatu aliiita ya sufuria, yaani ya kula nyumbani. Ya nne ilikuwa ya kuchanganya na mahindi ili isionekane, na ya tano ya kuku. Ikiwa haikufaa hata kuku, Mumbua alinyamaza tu, na mwenye gunia akalibeba akaondoka bila kuuliza.

Watu walimletea maneno matamu, wakamletea na sukari. Yeye alijibu neno moja: "Uteo hauna shemeji." Neno hilo likazoeleka hata watoto wakalitumia wakigombania mpira.

Ila kulikuwa na siku moja ambayo Mumbua mwenyewe alikuwa na shemeji, na siku hiyo ndiyo iliyomkalia kifuani kwa miaka mitatu.

Aliolewa kwenye kilima cha Kyandula mwaka wa sitini na tano, na mwezi uleule akaolewa Syokau nyumba ya pili. Wote wawili walikuwa wageni pale, wote wawili waume zao walikuwa Mombasa. Muthama, mumewe Mumbua, alikuwa bawabu wa ghala na alirudi kila Desemba. Mama mkwe wake alimfunza desturi ya nyumba zile zenye wanaume walio mbali: kila jioni chakula kikipakuliwa, cha aliye safarini kinapakuliwa kwanza katika kibuyu chake, tena kinajazwa, na kufunikwa. "Chakula cha msafiri hakipunguzwi," mama mkwe alisema. "Ukimpunguzia yeye, unaipunguza njia yake ya kurudi." Asubuhi kile kibuyu kililiwa na yeyote aliyepita. Mara nyingi aliyepita alikuwa Syokau.

"Leo nimekula mumeo tena," Syokau alikuwa akisema huku akifuta mdomo. "Ana chumvi kidogo."

Walichimba matuta pamoja katika mwethya, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, siku moja shambani kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Syokau ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alitupa mstari, akina mama wakaudaka, majembe yakashuka pamoja. Alikuwa mchelewaji, mkali wa ulimi, na mwenye kusahau alichoahidi jana. Lakini alipofika, kazi ilikuwa kama ngoma. Mumbua alichimba upande wake wa kushoto kwa miaka ishirini na tatu.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nane, mwaka wa mlolongo. Nchi nzima ilipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, mchana kweupe, na mtindo ule ukaambukiza kila kitu, hata vikundi vya kanisani. Mwethya wa Kyandula ulipochagua mwenyekiti, waliosimama mbele walikuwa wawili: Syokau na Nzilani. Nzilani alikuwa mpole, mwenye mpango, mtu wa kuamka mapema. Tena alikuwa wa ukoo wa kina Muthama.

Mumbua alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea nyuma ya Syokau aliposhikwa leso na mama mkwe wake. Yule mzee alivuta tu, polepole, kama anayevuta mbuzi asiye na ubishi. Na Mumbua akafuata, akasimama nyuma ya Nzilani.

Wakahesabu. Kumi na watatu kwa Nzilani, kumi na wawili kwa Syokau.

Syokau aligeuka kuangalia waliokuwa nyuma yake. Aliwapitia kwa macho mmoja mmoja mpaka mwisho, akarudia tena. Kisha akatazama mlolongo wa pili. Hakugomba, na hilo ndilo lililotisha, kwa sababu Syokau aligomba hata na mvua. Alipopita karibu na Mumbua alisema tu, "Leo mgongo wangu ulikuwa na baridi."

Mwezi uliofuata binti yake aliyeolewa Kyuso, kule kaskazini kabisa ya Kitui, alijifungua. Syokau akaenda kumsaidia kulea. Watu walisema atarudi mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, ikapita, ikanyesha ya pili. Tuta lake likaota nyasi. Mumbua alilipalilia bila kuambiwa na mtu.

Jioni alipakua vibuyu viwili badala ya kimoja. Cha Muthama na cha pili. Mama mkwe aliona, akanyamaza mpaka alipokufa.

Katika mwethya nyimbo hazikukatika. Nzilani alimpa kazi hiyo msichana mwenye sauti nzuri. Lakini kila mstari ulipokwisha, Mumbua alijikuta akiinua jembe na kulishikilia hewani kidogo, akingoja sauti nyingine. Wenzake walidhani ni uzee.

Mwaka wa tisini na moja kanisa lilipata wafadhili wa saruji ya kujengea silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua. Kikundi kikavimba. Wake wa juzijuzi wakaingia kwa wingi, wakafika arobaini. Muda wa Nzilani ulikuwa umekwisha, na wafadhili walitaka mwenyekiti aliyechaguliwa upya. Wakakutana kanisani Jumatano asubuhi. Mbula, katibu, msichana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kalamu mbili kifuani, akasema, "Haya, akina mama, tutoke nje tupange mistari."

"Hapana," Mumbua akasema.

Watu waligeuka. Mumbua hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Mlolongo hata serikali imeuacha," akasema. "Mlolongo unakulazimisha umgeuzie mtu mgongo. Mimi nikipima gunia la Kalunde silitupi la Nzilani. Kila gunia nalipa daraja lake. Kwa nini watu tuwapime vibaya kuliko ndengu?"

"Sasa unataka kutuchoma bambo?" Kalunde aliuliza, na kanisa likacheka. Kalunde alikuwa mwanamke mnene mwenye mzaha, na alikuwa tayari ametangaza kwamba atagombea. "Mimi nichomeni, lakini si hapa kwenye nyonga, hapa pana mafuta tu."

"Nataka kila mmoja ampe kila mgombea daraja lake. Kisha tujumlishe."

Mbula alifurahi. "Kama mtihani! Kila mtu atoe alama juu ya mia."

"Mia?" akasema bibi mmoja kutoka nyuma. "Mimi nimpe Nzilani sabini na tatu au sabini na nne? Hiyo moja ni ya nini, ni ya kitambaa cha kichwa?"

"Basi kumi," Mbula akasema.

"Kumi ni nyingi vilevile," Mumbua akajibu. "Ukiwa na kumi, saba yangu si saba yako. Mwalimu mkali anatoa tano, mwalimu mpole anatoa tisa, kwa kazi ileile."

"Tutumie tatu," Kalunde akasema. "Mzuri, mbaya, katikati. Tumalize, nina maharagwe motoni."

Mumbua alilifikiria hilo, maana alikuwa mtu wa haki. "Ukiwa na tatu, kila mtu atakimbilia katikati. Hakuna atakayetaka kumwita jirani mbaya, na hakuna atakayetaka kumsifu mwingine kupita kiasi. Nimeliona sokoni. Zamani duka lilikuwa na madaraja matatu, na kila gunia lilikuwa la katikati." Akainua mkono wake, vidole vimetanuka. "Tano. Zinaenea mkononi, na kila mmoja hapa anajua maana yake. Punje tano ni ya mbegu: huyu hata njaa ikija simli. Nne ni ya soko. Tatu ya sufuria. Mbili ya kuchanganya. Moja ya kuku."

"Na asiyefaa kabisa?" Nzilani aliuliza kwa upole.

"Huyo humwekei kitu. Unanyamaza."

Walikubali. Mumbua akawapangia hivi: vibuyu vitatu vingewekwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, kila kimoja na kitambaa cha rangi yake. Kila mama angeingia peke yake na punje kumi na tano, aweke alizotaka katika kila kibuyu, zisizidi tano, na zilizobaki azitie kwenye kikapu chenye kifuniko. Nani angeona alichompa nani?

"Vibuyu vitatu?" Mbula akauliza. "Wagombea ni wawili, Nzilani na Kalunde."

Hili ndilo Mumbua alilokuwa amelikusudia tangu alipoinuka.

"Na Syokau," akasema. "Jina lake bado limo daftarini. Hakuna aliyelifuta. Akichaguliwa, atapelekewa habari, atarudi."

Wazee walitazama sakafu. Wake wachanga walinong'onezana: Syokau ni nani? Yule aliyekwenda Kyuso. Ahaa, aliye safarini. Nzilani ndiye aliyejibu. "Ni haki," akasema. "Aandikwe."

Kura zikapigwa. Mumbua alipoingia chumbani alimpa Nzilani nne bila kusita, kwa sababu Nzilani alikuwa ametengeneza kikundi kile kwa mikono yake. Kalunde akampa mbili na tabasamu. Mbele ya kibuyu cha Syokau, chenye kitambaa chekundu, alifungua kiganja na kumimina zote tano, haraka, kama anayelipa deni kabla hajadaiwa. Hakumpima. Alijua kwamba hakumpima.

Kisha akaketi nje kwenye jiwe, akangoja, na moyo wake ukaanza kufanya mambo ya kijinga. Ulimwona Syokau akishuka njia ya mtoni na mzigo mgongoni. Ulimsikia akisema, leo nimekula mumeo tena. Ulimwona akifika amechelewa, jua limeshapanda, na kutupa mstari wa kwanza wa wimbo kutoka mbali, kabla hata hajaweka jembe chini.

Mbula alihesabu kwenye uteo wa Mumbua mwenyewe. Kalunde, punje tisini na saba. "Huo ni mlo kamili," Kalunde akasema. Nzilani, mia moja arobaini na nane. Syokau, mia moja sitini na tano.

Wazee wakaguna kwa mshangao. Mumbua hakuguna. Alichoma mkono katika zile punje, akazipapasa kwa kidole gumba, na furaha iliyokuwa imempanda mpaka kooni ikasimama hapohapo. Gunia hili lilikuwa na kitu chini. Kati ya wale arobaini, ishirini na wawili tu ndio waliomjua Syokau. Hata kama kila mmoja wao angempa tano, na Mumbua aliwajua vizuri, wasingeweza, ni mia moja na kumi. Nyingine zilitoka wapi?

Angeweza kunyamaza. Tusidanganyane, alitaka kunyamaza. Barua ingeandikwa kesho, Syokau angeipata baada ya wiki mbili, na mwezi huohuo angekuwa kilimani. Nani angelalamika? Nzilani alikuwa ameshaanza kupiga makofi, makofi ya kweli, yule mwanamke asiye na kinyongo. Mumbua alimtazama na kuona leso ikivutwa tena, na safari hii mvutaji alikuwa yeye mwenyewe.

"Ngojeni," akasema. Akamgeukia mke mmoja mchanga, Mutindi, aliyeolewa mwaka uliopita. "Mwanangu, kura ni siri, lakini nakuomba. Syokau ulimpa ngapi?"

"Tano, Mwaitu." Alimwita hivyo, mama yetu, kama wake wachanga wote walivyomwita.

"Unamjua?"

"Simjui."

"Sasa tano za nini?"

Mutindi alishangaa kama aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Si mlisema yuko safarini? Cha aliye safarini hakipunguzwi. Ningempunguziaje mtu ambaye hayupo?"

"Hata mimi nilimpa tano," akasema wa pili. "Na mimi," akasema wa tatu, na mikono ikainuka, kumi na minane, yote ya wake wachanga, yote safi, kila mmoja akijivunia adabu aliyofunzwa na mama mkwe wake.

Kanisa zima likaangua kicheko. Kalunde alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe dawa ya kushinda ni kuondoka! Mbula, nisubiri, nakwenda Garissa kesho!"

Mumbua hakucheka. "Hizi si daraja," akasema. "Hiki ni chakula cha msafiri. Ni kizuri, lakini si kipimo. Tutarudia kibuyu kimoja, hiki chekundu. Asiyemjua asimpe kitu, na asione ni ubaya."

Wakarudia, wale ishirini na wawili. Safari hii Mumbua alisimama mbele ya kitambaa chekundu kwa muda mrefu. Alimpima Syokau kama alivyopima gunia la mtu yeyote: pembeni, katikati, chini. Alikumbuka uchelewaji, ahadi zilizosahauliwa, ulimi. Alikumbuka nyimbo. Akadondosha punje moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilibaki kiganjani. Alitoka nayo, na hakuitia kwenye kikapu.

Sabini na moja. Mbula, ambaye alipenda hesabu, aliona si haki kulinganisha wapimaji ishirini na wawili na arobaini, akagawanya kila jumla kwa watu wake. Nzilani, karibu nne. Syokau, tatu na kidogo. Kwa njia yoyote ile, Nzilani alikuwa mwenyekiti.

"Tatu ni ya sufuria," akasema yule bibi wa nyuma, kama anayejisemea. "Ya kula nyumbani. Si mbaya."

Mumbua alichukua kile kibuyu na punje zake sabini na moja. Hakuna aliyemuuliza anakipeleka wapi.

Siku ya soko iliyofuata alimngoja Bishar, mfanyabiashara wa mbuzi wa Mwingi, aliyeshuka Ikutha na lori lake kila wiki mbili na kupanda nalo mpaka Kyuso. Walijuana kwa mizaha ya miaka mingi.

"Mama Ndengu," Bishar akasema, "leo unapima mbuzi yangu?"

"Mbuzi zako ni za kuku."

"Wallahi, ulimi kama huu, mzee Muthama alifanya vizuri kukaa Mombasa."

Alimkabidhi kibuyu, akamweleza nyumba ya binti yake Syokau, nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Akamweleza na ujumbe: kwamba wanawake wa Kyandula wameacha mlolongo, kwamba wanapimana kwa punje, tano ya mbegu, nne ya soko, tatu ya sufuria, mbili ya kuchanganya, moja ya kuku. Kwamba hizi ni zake, za waliomjua, zimehesabiwa kwa haki. Kwamba tuta lake halina nyasi. Bishar alirudia kila neno kwa vidole, kama anayehesabu mifugo.

"Na wewe mwenyewe? Hakuna salamu yako?"

"Hiyo yote ndiyo salamu yangu."

Wiki mbili zikapita, na nyingine mbili, maana lori liliharibika Mwingi. Mumbua alipima ndengu za watu na kutangaza madaraja, na mara mbili alikosea, akaita ya soko iliyokuwa ya sufuria, mpaka mwenye duka akamuuliza kama ni macho. Jioni alipakua vibuyu viwili. Punje moja aliifunga kwenye pindo la leso.

Bishar alirudi siku ya soko ya mwezi uliofuata. Kibuyu kilikuwa chini ya kiti chake, kimefungwa kwa kitambaa kingine. Mumbua alikipokea kwa mikono miwili na kukipima kwa mkono kabla hajakifungua. Kilikuwa chepesi mno. Katika nchi ile chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Afadhali uweke hata chumvi. Anayekirudisha kitupu amesema yote.

Akakitikisa. Kililia kidogo.

Alimimina kwenye uteo. Zilianguka punje nne, ndengu za Kyuso, ndogo, za kijani iliyokolea, zisizo na hata doa moja la mdudu. Alizitafuta nyingine kwa kidole ndani ya kibuyu. Hazikuwapo.

"Nne tu?" akamuuliza Bishar.

"Mimi nilimuuliza hivyo hivyo! Nikasema, mama, umepewa kibuyu kizima, unarudisha nne? Akasema hii ni ya Mumbua peke yake, wengine watapata yao. Akasema ni kwa kipimo chenu." Bishar alikuna ndevu akitafuta maneno kamili. "Akasema, mwambie ya tano iko. Ameiweka kwenye majivu. Haitumwi na lori, aje aichukue mwenyewe, na asichelewe, maana kuchelewa ni kazi ya Syokau."

Mumbua aliinama juu ya uteo. Foleni ya magunia ilikuwa imefika mpaka kwa fundi wa baiskeli, na mzee aliyekuwa mbele akakohoa kumkumbusha. Hakumsikia. Vidole vyake vilikuwa kwenye pindo la leso, vikifungua fundo.

"Bishar," akasema. "Lori lako linapanda lini?"

"Alasiri, mbuzi zikijaa. Lakini mbele kuna vumbi, Mama Ndengu, na mimi na dereva tunagombana mpaka Mwingi."

"Nitawaamua," Mumbua akasema. Aliinuka, akamwachia mwenye duka bambo, na kwenda kununua sukari ya kujazia kibuyu.